Mlango wa Mama Mkwe

Ruiru sisi mafundi tunajua kujenga nyumba ya aina moja. Vyumba vya kupangisha safu mbili zinazotazamana, uwanja wa simiti katikati, kamba za nguo, geti moja, choo mwisho. Nimezijenga mtaani kwetu Gatongora nyingi mno hadi naweza kujenga nikiwa nimefumba macho, na ukiziangalia baadhi ya kuta zangu utasema ndivyo nilivyofanya. Mpangaji akifungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza kuona ni jirani akipiga mswaki. Hatujawahi kusikia malalamiko. Pengine yalikuwepo, lakini sisi tulikuwa tumeshahamia mjengo mwingine.

Basi kanisa letu lilipotafuta mafundi wa kujitolea kwenda Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon, kuwajengea watu waliotishiwa na mlima wao, tulibeba nyundo zetu na nyumba hiyo moja vichwani mwetu. Mama mkwe wangu, anayekaa Thika upande wa Chania, alicheka hadi akakaa chini.

“Haiya! Kujitolea si ni kitu ya wazungu? Na ile mlango ya nyuma nilikuomba, ya kutokea kwa kuku, hiyo utajitolea lini?”

“Nikirudi, mami.”

“Haya, enda. Lakini usirudi na story tu.”

Kijiji kilikuwa juu sana, migomba imeng'ang'ania mteremko kama watoto walioshika nguo ya mama yao. Juu ya nyumba za mwisho ardhi ilikuwa na nyufa za kuingiza mkono mzima. Wenyeji walikuwa wamewahi kuona upande mwingine wa mlima ukishuka na watu wake, na mvua ikianza walilala na viatu miguuni. Nyumba mpya tulizijenga chini, kwenye tambarare karibu na shule. Mchungaji wa kule alitupokea kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipiga makofi kwa nguvu, maana nani hapendi kuambiwa yeye ni dawa?

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na nyufa ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mwembamba, mkali wa macho. Binti yake aliwahi kuuza vitunguu upande wa Kenya na Kiswahili alikijua vizuri. Alimsihi mama yake msimu mzima mpaka bibi akakubali kushuka. Sisi tukampa chumba kizuri, na mkabala wake, ng'ambo ya uwanja, tukamweka binti na mumewe. Tulijiona watu wa maana sana, mama karibu na mtoto wake.

Bibi hakutoka nje. Mchana kutwa mlango wake ulikuwa umefungwa, na chakula kilipelekwa na binti. Nikadhani ni mgonjwa. Kisha nikaona jambo lililonichekesha: mkwe wake, jitu la mabega mapana, alisikia bibi akikohoa mlangoni akaruka ua akajificha shambani, sufuria ya chai mkononi. Nilicheka hadi binti akanijia.

“Fundi, unacheka nini? Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso. Ni laana. Nyinyi mmeweka mlango ya mama ikaangalia mlango ya bwana yangu. Sasa mama atatoka aje? Anangoja giza ndio aende choo.”

Nilimpelekea msimamizi wetu maneno hayo, naye, mtu wa Ruiru kama mimi, akatikisa mkono.

“Hizo ni mila za zamani, watazoea. Kwani kule mtaani Githurai mkwe anajificha wapi?”

Bibi hakuzoea. Siku moja binti alikuja akilia: mama yake amesema anarudi juu moja kwa moja, afadhali mlima kuliko aibu. Hapo nikakasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa ramani yetu ya kijinga. Nikamwambia binti amsihi mama asubiri, nitamfungulia mlango upande wa nyuma, unaoangalia migomba, na ule wa mbele niuzibe kwa mawe. Bibi alinitumia ndizi mbivu kwa shukrani.

Nilivunja ukuta, nikamwaga zege la juu ya mlango. Zege bichi halilaliwi chini yake, kwa hiyo nikasema bibi atafute pa kulala mpaka likauke. Vyumba vingine vilijaa watu hadi mlangoni. Kwa binti yake ndiko kulikokuwa na nafasi, na ndiko asikoweza kukanyaga. Akafunga shuka lake, akasema atalala kwake juu, aone na kuku wake. Jua lilikuwa linawaka. Alinipungia mkono akipanda, nami nikampungia.

Usiku mvua ilinyesha huko juu, chini kwetu hata vumbi halikulowa vizuri. Asubuhi tulipoamka, upande ule wa mlima ulikuwa mwekundu mtupu, na migomba haikuwepo.

Tulichimba wote, lakini mkwe wake alichimba kutushinda. Hakunywa hata maji. Alipoufikia mkono wa bibi kwenye tope, aliutambua kwa bangili ambayo mkewe alimnunulia mama yake. Aliangusha jembe, akaziba macho kwa kiwiko, akaondoka akilia kwa sauti bila kugeuka. Hata maiti yake hakuthubutu kuitazama.

Baada ya mazishi binti aliniambia nimalizie mlango. Nikaupachika, ukakaa sawa kabisa kwenye fremu. Sijawahi kupachika mlango vizuri vile.

Nilirudi Ruiru, nikaenda Thika kutimiza ahadi. Nilipotoboa ukuta wa mama mkwe wangu na kumwaga zege, alianza kusogeza kitanda chake pembeni.

“Mami, leo hulali hapa. Twende kwangu.”

“Kwa sababu ya ka-mlango? Mimi nitalala tu kwa jirani hapa juu.”

“Nimesema hapana!”

Sikuwa nimewahi kumpazia sauti mama huyo. Alisimama na mto mkononi, akinichunguza. “Kwani huko ulienda ulionaga nini?”

Nilikuwa nimerudi bila hata story. Nilishika mto wake, nikatangulia nje.

Chumba chetu Gatongora ni kimoja. Alilala upande mmoja wa pazia, mimi na mke wangu upande wa pili, nami nikasikiliza akikoroma. Asubuhi alivuta pazia, akanitazama usoni, akauliza kama chai ina sukari.