Mita Mia Mbili za Bartolomayo

Bartolomayo Chilongani hakuwa mwongo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa bwana mifugo wa kijiji cha Ngalamilo, njia ya kwenda Hombolo, na hakuna aliyewahi kumkamata akisema ng'ombe mgonjwa ni mzima. Ila kila mtu ana siku yake, na yeye siku yake ilimkuta Kizota, pale Dodoma mjini, dukani kwa Ludovick.

Ludovick aliuza vifaa vya ujenzi. Kwao Bukoba, na hakumwacha mtu asahau. Ukinunua kufuli utasikia habari za ziwa. Ukinunua misumari robo kilo utapewa na samaki wa kwao, wa maneno. Siku hiyo ukutani mwake kulikuwa na tangazo: mashindano ya hisani bwawani Hombolo. Kuogelea mita mia mbili, baiskeli kilomita ishirini, kukimbia kilomita tano. Kila mshiriki atafute mfadhili, na kitakachopatikana kiende kwenye jambo jema la kwao.

"Nyie Wagogo msijisumbue," alisema Ludovick huku akihesabu bawaba. "Maji mnayajua ya kwenye ndoo."

Ulikuwa utani tu, na siku nyingine Bartolomayo angecheka akaenda zake. Lakini utani humchoma mtu pale penye kidonda. Zahanati ya Ngalamilo ilikuwa na chumba kimoja. Mama akishikwa na uchungu, nesi Emiliana alimpeleka kwenye stoo ya josho la ng'ombe, kule zilikokuwa zikitunzwa dawa za kupe. Serikali ilikuwa imeacha kugharamia dawa hizo, ng'ombe hawakuogeshwa tena, josho likabaki shimo la maji ya mvua. Dawa ziliondoka stoo, harufu ikagoma. Mjukuu wa kwanza wa Bartolomayo alizaliwa humo, na hadi arobaini yake alinuka dawa ya kupe. Sasa binti yake, Brightness, alikuwa na mimba nyingine ya miezi saba.

"Mimi nimeogelea Mwanza," Bartolomayo akausikia mdomo wake ukisema. "Nilipokwenda semina. Kwenda na kurudi."

Ludovick akaziweka bawaba chini. "Mzee, ukimaliza yote matatu, mifuko hamsini ya saruji ni yako. Mjenge chumba cha kuzalia."

Huko Mwanza, nisiwafiche, alikunja suruali, akaingia ziwani hadi vifundoni, konokono akamgusa kidole, akatoka. Ndiyo kuogelea kwenyewe.

Baiskeli haikumtisha, tangu ujana alizunguka vijiji na Foniksi yake, sanduku la chanjo nyuma. Mbio nazo aliziweza, maana ndama hachanjwi kwa kuitwa jina. Tatizo lilikuwa maji. Alijiandikisha, kisha akafanya kile ambacho wanaume wengi wenye akili hufanya: akanyamaza na kutumaini kwamba bwawa litakauka. Mwaka huo wa tisini na nne mvua ilinyesha Dodoma kama imetumwa.

Jumatatu ya wiki ya mashindano, mkewe Anyesi aliingia chumbani akamkuta amelala kifudifudi juu ya kigoda, anapiga mateke hewani.

"Baba Brightness, ni tumbo?"

"Naogelea."

Anyesi akakaa kitandani akaelezwa yote, mpaka konokono. Hakufoka. Alimtazama mumewe aliyekaa naye miaka ishirini na minane, kitambi chake kimebonyea kwenye kigoda, akamhurumia, halafu akakasirika, halafu akamhurumia tena.

"Hicho kigoda hakina maji," akasema. "Josho linayo."

Wakaenda josho. Kwa asiyelijua, josho ni mfereji wa zege, mrefu mita kumi, mwembamba kiasi ng'ombe hawezi kugeuka, na kina chake kinampita mtu. Upande mmoja ng'ombe anatumbukia, anaogelea, upande wa pili anapanda ngazi. Bartolomayo alisimama ukingoni na kaptura yake, vyura wakimtazama.

"Nimeswaga ng'ombe humu miaka ishirini na miwili," akajifariji, "na sijaona hata mmoja akizama."

"Basi ingia."

"Naingia."

Hakuingia. Akarekebisha kaptura. Akauliza kama mlango wa nyumbani umefungwa. Akaanza kueleza upepo unavyovuma. Anyesi akakumbuka kwamba hata ng'ombe haingii josho kwa hiari, akaokota fimbo, akamchapa nayo matakoni.

Bwana mifugo akaruka. Alipoibuka, mikono na miguu vilikuwa vinachapa maji chini yake bila kuagizwa. Shingo imenyooka juu, macho yamemtoka, pua inavuma. Kila ng'ombe aliyepita pale alimwachia somo bila yeye kujua. Alipanda ngazi upande wa pili akasimama, maji yakimchuruzika, hajui la kufanya.

"Tena," akasema Anyesi.

Jumanne walikwenda mara kumi na tano. Jumatano mara thelathini, na kila mara Anyesi alitembea ukingoni na fimbo, akipiga mluzi na kuita "Haya, haya!" kama mchungaji. Kijiji kizima kikaja kutazama. Mzee mmoja akauliza kama na yeye alete mke wake aogeshwe, akajibiwa na mke mwenyewe, na majibu hayo hayaandikiki. Alhamisi Bartolomayo aligundua kwamba wiki nzima hajaumwa na mbu hata mmoja, dawa ya zamani ilikuwa bado imo kwenye zege. Ijumaa akapumzika, akapiga hesabu: mita mia mbili ni majosho ishirini. Hakuwahi kuogelea zaidi ya josho moja bila kusimama. Usingizi ukamruka, na Anyesi pia, ila kila mmoja alijifanya amelala ili asimtie mwenzake hofu.

Jumamosi Hombolo palijaa. Wanafunzi wa chuo walikuja na miwani ya kuogelea, vifua vimenyolewa. Kamba yenye maboya ya madumu ya mafuta ilinyooshwa kando ya tuta la bwawa, toka mwanzo hadi mwisho. Ludovick alisimama juu ya tuta, mbali kidogo na maji, anamweleza kila mtu jinsi ziwa la kwao lilivyo.

Seth, afisa michezo wa wilaya, akapuliza filimbi. Vijana wakajitosa majini. Bartolomayo akarekebisha kaptura.

"Mzee, wenzako wameondoka," akasema Seth.

"Nawaona."

Hakukuwa na jeuri tena wala cha kuficha. Miguu ilikataa tu. Aliiwaza stoo, akamwaza Brightness amelala mle anatapika kwa harufu, na bado miguu ikakataa. Machozi yakamlenga mbele za watu. Ndipo akasikia mluzi. Hakugeuka, hakuhitaji. Fimbo ilitua palepale inapotuaga, naye akaruka.

Anyesi akapanda tuta, akatembea sambamba naye. "Haya, haya! Josho la kwanza!"

Baada ya kila mita kumi Bartolomayo alitafuta ngazi kwa mguu, akaikosa, akashtuka, akanywa maji. Na kila mara sauti ikamfuata toka tutani: la nne, la tisa, la kumi na tatu. Watu waliokuwa wakicheka wakaanza kuhesabu pamoja na Anyesi. Kufika josho la kumi na nane hata waimbaji wa kwaya iliyoletwa kutumbuiza walikuwa wanapiga mluzi. La ishirini lilipotajwa akatambaa ukingoni, akasimama akichuruzika, akangoja.

"Twende baiskeli!" Anyesi akamwambia. "Hapa hatukauki!"

Kwenye baiskeli aliwapita vijana wanane. Kwenye mbio watano wakampita tena, na hakujali. Alipovuka mstari, kijana mmoja alikuwa ameshalalamika kwamba mzee alisaidiwa. Seth akafungua karatasi za sheria, akazisoma mbele na nyuma.

"Sheria inakataza kusaidiwa," akasema. "Kuswagwa haijakutaja."

Bartolomayo akamfuata Ludovick, bado anahema. "Bwana, nilikudanganya. Sikuwahi kuogelea Mwanza. Nimejifunza Jumatatu, kwenye josho la ng'ombe. Kama unaiondoa saruji yako, sitakulaumu."

Ludovick aliitazama ile fimbo ya Anyesi, akaondoka bila kulitaja ziwa, jambo ambalo Kizota nzima ingelipia kuliona.

Jumatatu lori liliingia Ngalamilo na mifuko hamsini. Ludovick alishuka mwenyewe, taulo limekunjwa kwapani, akamwamkia Anyesi shikamoo kwa adabu ambayo wateja wake hawakuwahi kuipata.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mama yangu mzazi alikuwa anaogopa mamba. Kule ziwani hakuniacha niguse maji hata siku moja." Akatazama chini. "Lile josho bado lina maji? Na ile fimbo, ipo?"

Ilikuwepo.

Chumba kilipauliwa wiki sita baadaye, na wiki iliyofuata Brightness akajifungua humo mtoto wa kike. Anyesi akampokea kwa Emiliana, akamnusa utosini, akamnusa shingoni, akarudia tena kuhakikisha. Kisha akampa babu yake naye anuse.

"Huyu ananukia mtoto," akasema Bartolomayo.