Namba ya Baiskeli ya Clovis

Anaclet alikuwa polisi wa barabarani Elisabethville tangu enzi za Wabelgiji, na alijulikana kwa jambo moja: hakuna baiskeli iliyovuka njia panda yake ya Bel-Air bila kibati cha namba. Mwaka wa 1961 Katanga ilikuwa nchi peke yake, na malori yaliyochukuliwa na wanajeshi yalikuwa yameng'olewa namba. Anaclet aliendelea kukagua baiskeli. Malori hakuyagusa, yalibeba bunduki.

Asubuhi moja alimsimamisha Clovis, fundi cherehani, ambaye kibati chake kilining'inia kwa uzi.

"Baba Clovis, hii kinga, baiskeli yako, inavaa herini?"

"Iko inaenda ku ndoa, shefu."

Anaclet alicheka, akangoja kibati kikazwe. Kisha akasimama katikati ya njia panda, akanyoosha kiganja kuzuia magari ya upande wa kushoto, na kwa mkono wa pili akamwita Clovis avuke. Clovis hakutazama pembeni. Mkono wa Anaclet ulimtosha. Lori la jeshi lilitoka kushoto, halikupunguza mwendo, likampitia juu. Alikufa palepale.

Kituoni Anaclet aliandika alichokiona. Komiseri akasoma, akaweka kidole kwenye nafasi tupu.

"Namba ya lori iko wapi?"

"Haikukuwa na namba, shefu. Lakini ni miye nilimuita muntu apite. Lori ndiyo ilikatala mukono yangu."

"Sasa nitashitaki nani, vumbi? Andika ile iko na namba. Ao niende kuuliza baaskari, na jina yako mu mukono?"

Anaclet alikuwa na watoto watano na nyumba ya serikali. Akaandika upya: baiskeli iliingia njiani bila ruhusa.

Karani wa mahakama aliyetafuta namba ya baiskeli kitabuni hakuambiwa kwamba mwenyewe amezikwa. Wiki ya tatu ikatoka hati ya kumwita Clovis mbele ya hakimu, na aliyetumwa kuipeleka ni Anaclet. Clotilde, mjane, alikuwa uani akifua. Hakuipokea.

"Bantu banasema ni weye ulimuita apite."

Anaclet alimnyooshea hati tena.

"Sasa nani anasema alikosa? Soma, baba. Miye sijue kusoma."

Alisoma yote, tangu tarehe hadi jina la shahidi, ambalo lilikuwa lake mwenyewe.

Clotilde alipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akawaita majirani.

"Mukuye! Rudilia, polisi. Basikie bote."

Akarudia.