Valvu Tano na Masikio ya Baba

Vumbi likiungua juu ya kioo cha moto hutoa harufu kavu, kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi ya mkaa. Ndiyo harufu ya chumba cha mbele cha nyumba yetu, Rasbura, mjini Lindi, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Baba alikuwa na mashine ya kukuza sauti aliyoipata mbovu kutoka shamba moja la mkonge upande wa Mingoyo, alikofanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kuchambulia katani. Aliifufua mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ikawa inatumia betri ya gari. Ndani yake mlikuwa na valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu hafifu. Valvu ya tundu la kwanza ndiyo iliyopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni ikiwa bado nyembamba kama mnong'ono, kwa hiyo kelele yake yoyote, hata iwe ndogo vipi, ilikuzwa pamoja na sauti hiyo na kutoka kwenye spika kama kishindo. Kwa tundu hilo Baba alikuwa na valvu tano za aina moja. Alizihifadhi ndani ya kopo la biskuti, kila moja imefungwa kwa sufi, kwani akiba haiozi. Kwa macho zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Fundi mmoja Mhindi alikuwa amezipima kwa mita yake, akaandika namba kwa wino juu ya kila kioo. Namba moja ndiyo iliyokuwa na utulivu kuliko zote. Kisha fundi yule akahamia Nairobi na mita yake.

Maulidi ya Mfungo Sita mwaka ule yalipangwa kusomwa Ijumaa baada ya alasiri. Msomaji alikuwa Mwalimu Shomari, aliyewafundisha Kurani nusu ya watoto wa mtaa wetu, nami nikiwamo. Maradhi ya koo yalikuwa yameikondesha sauti yake hata mtu wa safu ya tatu hakumsikia. Kamati ya maulidi ilitaka kumpa mtu mwingine nafasi hiyo, Baba akaomba Mwalimu ajaribiwe kwa mashine. Jirani yetu Bwana Sefu, mjumbe wa kamati, alikubali kwa shingo upande. "Ikileta kelele, Mwalimu anashuka, anapanda mwingine," alisema barazani petu. "Na mwakani tusisumbuane."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Kazi yangu ya kila alasiri ilikuwa kusafisha chemni za taa kwa majivu laini na kitambaa, mpaka kioo kikawa kama hakipo. Alhamisi ile Baba alikwenda kusali akiziacha valvu zake tano juu ya mkeka, zimejaa vumbi na alama za vidole. Nilikuwa na majivu mkononi. Nilizisugua moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wote niliofundishwa na Mama, nikazipanga zikimeta. Niligundua nilichokifanya pale tu nilipoona wino kwenye kitambaa.

Baba aliporudi alizigeuza moja moja akitafuta namba. Nikasema, "Nimezisafisha mimi." Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliketi, akaipachika ya kwanza iliyokuja mkononi, akawasha, akasubiri ipate moto kwa muda wa kusoma Alhamdu mara tatu. Spika iliyokuwa dirishani ikaanza kutoa sauti ya mafuta yanayochemka. Baba akaisogelea, akainamisha kichwa, akakitikisa taratibu kukubali. "Hii nzuri," akasema.

Nilidhani anatania. Wakati huohuo Bwana Sefu akapita njiani. "Fundi! Leo mnakaanga samaki bila kualika majirani?"

Baba akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Baba, kelele inasikika," nikamwambia baada ya Bwana Sefu kupita.

"Kubwa?"

"Kubwa."

Alizima mashine. Bandu bandu huisha gogo. Ile mitambo ya mkonge ilikuwa imeyamaliza masikio yake kidogo kidogo, naye alikuwa akiishi kwa namba za yule fundi aliyehamia Nairobi na kwa kutazama midomo ya watu. Mama alikuwa mlangoni. Nilipomwangalia, aliinamisha uso, nikaelewa kwamba yeye alijua. "Haya, Zuhura," Baba akasema kwa sauti ya chini, "wewe utasikiliza, mimi nitabadilisha. Na hili lisitoke nje. Fundi wa sauti asiyesikia ni kichekesho cha mji mzima."

Tulifanya kazi mpaka karibu na magharibi. Kuzima, kusubiri kioo kipoe, kuichomoa valvu wima bila kuizungusha, kupachika nyingine, kuwasha, Alhamdu mara tatu. Ya pili ilinguruma. Ya tatu ilikuwa kimya kabisa, nikadhani ndiyo namba moja. Lakini Baba alipoigonga kwa penseli ililia kwenye spika kama kikombe cha kaure. Ya nne ilipasuka-pasuka kama kuni mbichi. Ya tano ilikuwa na mvumo mdogo, nayo ilipogongwa haikulia. Basi zikabaki ya tatu na ya tano, na Baba akasema nichague mimi. Nilifikiri juu ya matari, ambayo yangepigwa hatua chache tu kutoka kwenye mashine na kuitikisa kama ile penseli. Nikasema ya tano. Usiku ule nilijuta mara nyingi.

Ijumaa matari yalipoanza kutikisa jukwaa, Baba alisimama kando ya mashine, mkono kwenye swichi, akiutazama uso wangu katikati ya wanawake. Bwana Sefu alikuwa nyuma yake. Mwalimu akafungua kinywa. Sauti yake ikatoka, nyembamba vilevile lakini nzima, ikafika hadi kwa wauza kahawa ng'ambo ya uwanja. Nikatikisa kichwa kumkubalia Baba, naye akauondoa mkono kwenye swichi. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, na mwaka uliofuata pia.

Leo mashine za misikitini ni nyepesi, hazina kioo wala cha kuchagua. Ikiharibika moja, inaletwa nyingine. Na mzee asiyesikia hupelekwa hospitali na wanawe, akapimwa, akarudi na kifaa sikioni, na mtaa mzima ukampa pole. Wazee husema mficha uchi hazai, lakini Baba aliificha aibu yake kwa miaka kumi na minne iliyobaki ya maisha yake, na mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ninaandika sasa kwa sababu Mwalimu amekwenda, Bwana Sefu amekwenda, na Baba pia. Hakuna aliyebaki wa kumcheka.