Mitambo Juu Kama Dungu

Nafagia chuo kilichojengwa bondeni, nje kidogo ya Kibiti. Nimeishia darasa la nne. Kule kwetu deltani mafuriko yalinichukulia nyumba, kwa kuwa mwenyekiti wetu wa kijiji alikalia onyo bila kututangazia; sijamsamehe.

Mitambo ya kompyuta yenye alama za wanafunzi ilipoletwa, mkuu wa chuo alitaka ikae chini, wageni waione. Bosi wa kompyuta, kijana mpole, akaniita.

"Shangazi, maji unayajua wewe. Yatafika hapa?"

"Mpaka kiunoni mwako, mwanangu. Kwetu hata mlinda mpunga hulala juu, kwenye dungu la miti."

Akaipandisha ghorofani. Mkuu akanuna.

Masika maji yakajaa chini, alama zikasalimika. Mkuu akajisifu kikaoni. Kijana wangu wa kompyuta akanivuta ndani, ufagio wangu mkononi: "Aliyetuokoa huyu hapa."