Tulipobaki Watatu Kwenye Kamba

Sauti ya turubai likichapwa na upepo hunirudisha Lagangabilili, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua makavu, na baba mdogo Masanja alikuwa ametengeneza ndege isiyo na injini. Ujanani aliwahi kuwa fundi kwenye kiwanja ambako wageni walirusha ndege za aina hiyo, akarudi nyumbani akitaka kitu kimoja tu: kuanzisha klabu. Mabawa yalikuwa ya mianzi na turubai, na rubani aliketi chini yake. Wanachama walikimbia na kamba ndefu, kama watoto wanavyokimbia na tiara, mpaka ndege ipande kimo cha paa la shule, iachie kamba, iteleze taratibu hadi mwisho wa shamba. Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na wanne.

Kuwapata hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwafanya warudi. Anayeruka ni mmoja, tena kwa dakika moja, na wengine wanashinda juani wakivuta kamba na kungoja zamu isiyofika. Mmoja alisema ana ng'ombe wa kunywesha, mwingine akaacha kuja bila kuaga. Kisha kisimani nikamsikia jirani akimuuliza mama, “Mayu, huo si ungo wa kurukia mchana?” Tangu siku hiyo sikuyagusa tena mabawa yale. Niliendelea kwenda kwa sababu nilimpenda baba mdogo na sikuvumilia kumwona akichungulia njia, akihesabu nani anakuja. Wiki ya sita wavutaji tulibaki watatu: Maduhu fundi baiskeli, mkewe Nkwimba, na mimi.

“Minza, shika kwa viganja,” baba mdogo aliniambia, kama kila mara. “Usiizungushe mkononi hata kidogo.” Lakini tulikuwa wachache mno, kamba ilikuwa ikiniteleza na kunichubua, na nilijua nikiiachia hatapanda. Nikaizungusha mara mbili. Tulikimbia, ndege ikainuka, na papo hapo upepo wa ghafla ukaibeba. Maduhu na Nkwimba waliachia. Mimi sikuweza. Miguu yangu ilikanyaga hewa, nikaona mabua yakiwa madogo chini yangu, nikataka kupiga kelele lakini sauti haikutoka. Juu, baba mdogo alivuta kishikizo cha kuachia kamba. Nikaanguka, mkono ukavunjika.

Nilikuwa bado nafungwa mkono zahanati watu walipoanza kusema Masanja alitaka kunitoa kafara. “Nani alikufunga ile kamba?” mama aliniuliza. Nikanyamaza. Nilimwogopa baba, asijue nimekaidi, na nikawaogopa waliokuwa wakinong'ona mlangoni. Kunyamaza kwangu wakakufanya jibu. Siku ya tatu sungusungu, walinzi wa kijiji, walimketisha baba mdogo chini uani kwetu, fimbo mikononi mwao. Hakujitetea, wala hakunitaja. Nikapita kati ya fimbo zao, nikasimama mbele yake.

“Niliizungusha mwenyewe,” nikasema. “Alikuwa amenikataza.”

“Umefundishwa kusema hivyo?” kiongozi wao akauliza.

“Hapana. Nilikuwa naogopa.”

Kiongozi akashusha fimbo, wakamwachia. Alasiri ile ile baba mdogo alilikata turubai vipande, akawagawia majirani wafunikie mahindi. Baada ya mavuno yaliyofuata alihamia Kiloleli kulima mpunga. Hakunilaumu hata siku moja, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Leo ninafundisha Bariadi na ninasimamia kikundi cha sarakasi cha wanafunzi. Wanaanza wengi kila muhula, kisha wanapungua, kwa sababu wote wanataka kuwa juu ya mnara na hakuna anayetaka kukanyagwa mabega. Siku hizi hakuna anayetuita wachawi. Wazazi hutupiga picha kwa simu na kushangilia. Hofu imebaki kwangu peke yangu. Jumamosi iliyopita walikuja watano, wakanisihi. “Mwalimu, tutabana tu, tutaweza.” Niliwatazama wale watano, wepesi na wenye moyo, walio tayari kufanya kazi ya kumi ili mwenzao apande, nikawaambia wakunje mikeka waende nyumbani. Waliondoka wamenuna, na mmoja alisema, nikimsikia, kwamba mwalimu ni mwoga. Sikumbishia.