Dashibodi yangu ilimgawa fundi wa kola: BI inayojitegemea au add-in ya Excel?

Wakuu, salamu kutoka Kigali, mji ambao asubuhi hujifunika ukungu na hauna haraka ya kuuvua.

Ninayoyasimulia yamenitokea mwenyewe, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Mimi ni Mtanzania, mwaka wa tatu sasa niko hapa. Nyumbani naandika riwaya ambayo haijakubali kuisha. Kazini ni mtu wa data kwenye karakana ya kushona sare za shule, mtaa wa Gikondo, ukuta mmoja na gereji. Nyundo zao nimeshazizoea, zikinyamaza ndipo nashtuka.

Kazi yetu iko hivi. Kila fundi ana kipande chake cha sare: huyu mikono, yule mifuko. Wanaohesabu ni wawili. Asubuhi ni Agnes, dada wa Kikenya. Mchana ni Jado, kaka wa hapa hapa Kigali. Kila mmoja anajaza faili lake la Excel: jina la fundi, kipande, idadi. Mimi juu ofisini nakusanya yote na kumwonyesha bosi wetu, Mama Keza.

Sasa hapo kwenye kukusanya ndipo mimi na Agnes tulipokuwa hatuelewani.

Mimi nilipenda programu ya BI, zile za kuchambua data za biashara, inayojitegemea. Jina lake naliacha, tusije tukaanzisha ushabiki. Unaiunganisha na mafaili mara moja, halafu kila asubuhi inayavuta yenyewe na kuchora. Mama Keza anafungua simu akiwa kwenye shule za wateja, anaona karakana nzima kama bustani.

Agnes alikuwa na add-in tu, ile unayoipachika ndani ya Excel yako na inakuongezea vitufe vya kuchambua. Haina urembo. Unabaki humo humo kwenye mistari yako.

"Wewe mwandishi unapenda marangi," alikuwa akinichokoza. "Mchele unachambuliwa na mkono, bwana."

"Gunia zima, dada? Na watu wamekaa mezani?"

"Basi watakula mawe."

Nilicheka. Niwe mkweli, add-in yake ilikuwa na mateso yake. Faili likinenepa linaganda mpaka unakwenda kunywa chai na kurudi. Na folda yake ilijaa "ripoti mpya", "ripoti mpya kabisa", "ripoti hii ndiyo". Ya kweli hata yeye alikuwa anaitafuta.

Basi, Alhamisi moja Mama Keza akapanda ofisini, simu mkononi.

"Huyu Zulfa iko anaenda wapi mchana?"

Zulfa ni fundi wa kola. Mama wa makamo, Mwislamu wa mtaa wa Nyakabanda, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Kiswahili chake kinanyoosha hata changu. Sote tunamwita mama, naye anatuita wanangu.

Nikaangalia dashibodi. Asubuhi mstari wake uko juu. Baada ya saa sita unaanguka, unabaki kama mtu aliyelala. Wiki zote nne.

"Huwa anatoka kwenda kuswali adhuhuri," nikasema.

"Kuswali si mpaka jioni, sha," akasema, "sha" ya huku ikiwa kama "bwana" yetu.

Nikarudi kwenye mchoro wangu.

Wakuu, hapo bado pananikera. Sikuuliza. Mimi mtu wa hadithi nikaimalizia hadithi kichwani: mama amechoka, akishaswali anapitiliza nyumbani, wenzake wanamfichia siri. Mchoro ulikuwa mzuri mno kuwa uongo.

Mama Keza alikuwa anataka kupunguza cherehani moja ya kola. "Kesho saa nane nitamwambia apumzike," akasema. Zulfa ana zaidi ya miaka kumi kwenye kiti kile.

Ijumaa asubuhi nikamweleza Agnes. Hakucheka safari hii.

"Mimi huyo mama namwacha amekaa nikitoka, na kesho yake nakuta rundo la kola alizoshona mchana. Lete mafaili yote mawili."

Tukayaweka kwenye Excel yake. Likaganda, tukasubiri. Kisha akabonyeza kitufe cha kutafuta maneno yanayokaribiana. Ikaleta orodha fupi, na katikati ya orodha kulikuwa na mstari huu:

Zulfa – Zurfa. Je, ni kitu kimoja?

Nikausoma tena, herufi kwa herufi.

Kwa wasioishi huku: Kinyarwanda hakizitenganishi "l" na "r" kama sisi. Jado siku nyingine alikopi jina kutoka faili la Agnes, siku nyingi aliandika kwa sikio. Na mafundi wengine ni akina Vestine, Josiane, Beata, majina ambayo hayana ugomvi na sikio lake. Kwa hiyo karibu mchana mzima wa Zulfa ulikuwa umeandikwa kwa mtu mwingine, Zurfa, ambaye hakuwepo kwenye orodha yangu ya wafanyakazi.

Programu yangu ilimwona Zurfa. Ilimweka kwenye mhimili wa kijivu, "wasiojulikana". Mimi ndiye niliyeuficha ule mhimili, kwa sababu uliharibu rangi.

Na cha kuchekesha, siku ya kwanza kabisa nilishakuta Jado ameandika "kora" badala ya "kola". Nikarekebisha huku nikitabasamu, maana kora kwa Kinyarwanda ni "fanya kazi". Nilijua ugonjwa, sikufikiri kama unashika na majina ya watu.

Nikashuka ngazi mbili mbili. Zulfa alikuwa amekaa, miwani puani, rundo la kola nyeupe mapajani. Sikumwambia kitu. Nikamfuata Mama Keza getini, alikuwa anatoka.

"Mama, kuna Zulfa na kuna Zurfa."

Akanitazama. "Mbona unasema jina moja mara mbili?"

"Si moja, Mama. Zulfa. Zurfa."

"Yego, ndiyo, Zurfa. Sasa tofauti iko wapi?"

"Kwako haipo. Kwenye kompyuta wamekuwa wanawake wawili."

Jado, aliyewahi kufika kwa zamu yake, alikuwa pembeni akiweka kalamu sikioni. "Mimi naandika vile nasikia," akasema. "Zurfa ni Zurfa."

Na alikuwa sahihi. Karakana nzima ilijua ni mtu mmoja. Aliyesikia tofauti ni mashine, na mimi nikaiamini.

Agnes akashuka na laptop imefunguliwa. Tulikuwa tumeunganisha majina. Mstari wa Zulfa ulikuwa umesimama asubuhi hadi jioni, juu ya wote. Mama Keza akaufuata kwa kidole, akafunga mkoba wake.

"Cherehani hiyo inabaki," akasema. Kisha akaniambia taratibu, "Na wewe siku nyingine shuka uangalie."

Pumzi niliyoivuta pale ilikuwa na moshi wa gereji ndani yake, na ilikuwa tamu.

Saa nane ilipita kama saa yoyote. Baadaye nikaona ni haki nimweleze Zulfa mwenyewe. Akavua miwani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe tuko wawili," akasema. "Basi mwambie huyo mwenzangu aje, mwanangu. Mgongo unaniuma."

Akarudi kwenye kola zake.

Nilichojifunza, wakuu: BI sikuiacha, bado inamfaa bosi aliye mbali. Lakini ukishaijengea njia, data inapita bila wewe kuiona tena uso. Add-in inakulazimisha kukaa na mistari, na mistari ndiyo yenye watu. Sasa tunachambua kwanza kwa Agnes, halafu mimi nachora. Jado anachagua majina kwenye orodha, haandiki tena. Na mhimili wa kijivu unakaa juu kabisa, mbaya vile vile ulivyo.

Wenye uzoefu wa majina yanayobadilika kwa ulimi wa mahali, nyie mnafanyaje? Na kama kuna programu iliyowahi kukugawa mara mbili, hebu tuambie yule mwenzako alifanya kazi gani.