Nyota ya Mkia na Jioni za Darajani

Mwaka juzi, jioni moja ya mwezi wa kumi, nilisimama kilimani Nkanka, jumeli, darubini ile ya macho mawili, shingoni, nikiingoja nyota ya mkia itokeze juu ya ziwa, upande wa Kongo. Nilikuwa na furaha mbaya kidogo, rafiki yangu, sikufichi. Nyota yenyewe sikuiwaza sana. Nilikuwa namuwaza mwanamke mmoja aliye Ubelgiji, ambaye tulikua naye Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na ua wa miti ya miyenzi tu. Asubuhi ile nilimuuliza kwa simu kama mbingu za kwao ziko wazi, akanijibu kwamba mvua haijakatika wiki nzima. Nikampa pole. Moyoni nikasema: leo na mimi.

Wivu wa kumwonea yeye nimeubeba tangu darasa la tano, tulipokuwa tunakaa dawati moja. Mwalimu wetu alikuwa mmoja wa wale waliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kisha wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima. Darasani alitumia Kinyarwanda, na akikasirika au akinogewa alihamia Kiswahili cha Bukavu. Alikuwa na jumeli nzito, darubini ile ya macho mawili, ameifunga kamba ya kiatu badala ya mkanda, na alipenda mambo ya angani kuliko mshahara wake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, mvua zikiwa zimepumzika, nyota ya mkia ikatokea. Ilionekana jioni tu. Jua likishazama inajitokeza, inakaa kidogo, halafu nayo inateremka nyuma ya milima ya Kongo. Mtaani kwetu wengine waliingia ndani mapema na kusali, wakisema nyota ya namna ile huleta vita. Mwalimu yeye alikusanya watoto nyuma ya shule, mahali ambapo magharibi pako wazi, akawapa jumeli kwa zamu.

Alikuwa na taratibu yake. Hakuna kusema kwa sauti ulichokiona. Unaangalia, kisha unamwendea na kumnong'oneza sikioni: mkia una urefu wa ngumi ngapi ukinyoosha mkono, umeinamia wapi, na kichwa chake kinaishinda nyota ya jioni kwa mwanga au kinashindwa.

"Mumoja akisema kwa sauti, batoto bote bataona na macho yake," alisema. "Na usiikazie macho. Angalia pembeni yake kidogo, mukia utajileta wenyewe."

Haya yote niliyapata kwa kusimuliwa, na ndipo wivu wangu ulipoanzia. Saa hiyohiyo ambayo wenzangu walikuwa wakinong'ona, mimi nilikuwa chini darajani, mpakani. Maman wangu alivuka kila asubuhi kwenda Bukavu kuuza avoka na sombe, yale majani ya muhogo, akarudi jioni kabla mpaka haujafungwa, beseni lake limejaa sabuni na mafuta ya mawese. Goti lake lilikuwa bovu. Kutoka darajani hadi kwetu ni mlima mtupu, na mbebaji wa beseni nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya jiwe karibu na wauza karanga, nanusa moshi wa mahindi ya kuchoma, nasikia maji ya mto Rusizi yakigonga mawe, na kumtafuta maman kwa kitenge chake katika ule msururu wa wanawake. Mbele yangu kilima cha Bukavu kilisimama kimeziba mbingu zote za magharibi.

Na huyu jirani yangu, huyu wa Ubelgiji, alikuwa na macho, mwenzangu wee. Aliishi na bibi yake, mama yake alishafariki, na bibi hakumtuma popote ikishafika jioni. Jioni ya kwanza tu aliona mkia umepinda kama ufagio uliochakaa, na mwalimu alikubaliana naye. Kesho yake akapewa chaki auchore ubaoni, darasa zima likamtazama. Mimi nilikaa dawatini nikiitazama ile chaki mkononi mwake. Nilimwonea wivu, na alipoketi karibu yangu nikasogeza daftari langu kando ili asiliguse.

Jioni moja darajani niliona mwanga juu kabisa ya kilima cha Bukavu, mweupe, umetulia. Nikasimama juu ya jiwe, nikanyoosha mkono, nikapima ngumi. Nikaangalia pembeni kidogo kama mwalimu alivyofundisha na, haki ya Mungu, nikauona mkia. Nilikuwa natafuta maneno ya kumnong'oneza kesho yake. Mara umeme ukakatika Bukavu, na nyota yangu ikazimika pamoja na mtaa mzima. Muuza karanga alicheka mpaka akamwaga karanga zake.

Usiku ule nilimwomba maman jioni moja tu.

"Ile nyota itatupikia?" aliniuliza. "Na beseni, nani atanibebea?"

Nililia chini ya blanketi kwa sauti ya kutosha yeye kusikia. Asubuhi, akijifunga kitenge chake, akaniambia, "Enda basi. Leo nitapanda polepole." Nilishinda darasani nikijinong'oneza maneno. Saa ilipofika tulipanga mstari nyuma ya shule, na jumeli ilipofika mkononi mwangu, mawingu yakapanda kutoka Kongo na kufunika kila kitu. Ikanyesha. Maman alifika nyumbani gizani, ameloa, anachechemea, beseni kichwani. Kesho yake nilirudi darajani bila kutumwa, na mbingu zilipokuja kufunguka, nyota ilikuwa imefifia kiasi cha kuonwa na mwalimu peke yake.

Sasa mwalimu hayupo, na nyuma ya shule pamejengwa ghorofa lenye taa za rangi. Kamembe inawaka, Bukavu inawaka zaidi, na mtu akitaka giza la kuangalia nyota ni lazima apande moto, ile pikipiki ya kukodi, hadi Nkanka kama nilivyofanya mimi. Siku hizi watoto wanaiona nyota ya mkia kwenye simu, imeshapigwa picha na mtu mwingine, na hakuna anayemnong'oneza mwenzake kitu.

Basi jioni ile ya Nkanka nyota ilitokea. Kwanza kichwa chake, kimefifia katika wekundu wa jua. Kisha nikaangalia pembeni kidogo, na mkia ukapanda, mrefu, umenyooka, ngumi nzima na zaidi. Nilimpigia simu Ubelgiji palepale, na usinionee huruma, nilimpigia kumringia. Nikamweleza kila kitu kwa sauti kubwa, bila kunong'ona.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa ile lugha yetu ya zamani:

"Unajua, ile myaka nilikuwaka na wivu yako sana."

"Wivu yangu? Weye, mwenye chaki?"

"Mwalimu akimaliza, nilikuwa nakimbia kwa barabara kubaangalia mukipanda. Weye na beseni, maman wako nyuma, anakushikilia bega sababu ya goti yake. Miye nilikuwa na jioni yote ya kuangalia nyota. Sikukuwa na muntu wa kungojea."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Maman tulimzika mwaka uliotangulia, kulekule juu, mahali ambapo ule mlima wa kutoka darajani unaishia. Kule darajani, wanawake wa mwisho walikuwa wanavuka kurudi makwao saa hiyo. Nikainua jumeli tena. Nilikuwa na jioni yote, hakuna beseni la kubeba, hakuna aliyechelewa. Nikaiangalia ile nyota mpaka ikazama, kisha nikateremka mikono mitupu.